Barua Mbili

Ya kwanza ilifika Jumatatu kwa bodaboda,
imeloa jasho la mfuko wa dereva:
*ongezeni ekari za alizeti,
nchi inakaanga kwa mafuta ya kuagiza
na ardhi ya Kongwa imelala.*

Ya pili Alhamisi, bahasha safi:
*msifyeke, msichome mkaa,
kila mti sasa una hesabu yake,
hewa ukaa ina bei.*

Mhuri ule ule. Wino ule ule wa zambarau.
Mimi, mtendaji wa kijiji,
nikazibandika ubaoni ubavu kwa ubavu
kwa pini moja; nyingine
imeshikilia tangazo la chanjo ya kuku.

Sechelela Ndahani alisomewa zote.
"Imelala? Nani kaiona imelala?"
Babu yake alivuta minyororo ya matrekta
enzi za karanga za Mwingereza;
pori likalazwa kama nywele,
udongo ukageuka tofali,
karanga zikabaki hadithi, chuma kikabaki kutu.
"Hailali hiyo. Inajiuguza."

Akanipeleka kwake. Ekari nne,
hajaongeza hata hatua.
Katikati ya alizeti, visiki:
mkungugu, mkole, mkungugu tena,
kila kimoja kimeachiwa machipukizi mawili,
mengine kayapogoa, fito za zizi,
kuni za wiki, majani ya mbuzi.
Nikachimba kwa kidole penye kivuli.
Kidole kikatoka na ubaridi.

Wakaja wapima hewa, vijana wawili na utepe,
wakaukumbatia mti usawa wa kifua,
wakaandika namba.
"Na yule wa ekari mia tano bondeni,
trekta lake la usiku mmelikumbatia?"
Wakatazamana.
"Na mimi niliyeviacha, niko ukurasa gani?"
Mmoja akafunua karatasi kweli, akatafuta.

Jioni nikajaza fomu ya wilaya.
Ekari zilizoongezeka: sifuri.
Miti iliyopandwa: sifuri.
Fomu haina safu ya vilivyoachwa.
Ukiisoma hivyo, Sechelela
hakufanya kitu mwaka mzima.

Mwaka juzi magunia kumi na tisa,
mwaka huu ishirini na sita,
na mvua ilikuwa ile ile ya kubembelezwa.

Nikachukua penseli, pembezoni,
herufi ndogo zikipinda kufuata ukingo:
*visiki mia na arobaini na tatu. Vi hai.*
Nikaupumulia mhuri, maana wino ulikuwa unakauka,
nikaugonga hapo hapo.