Kuisubiri Suheli

Tumetoka Maskati saa mbili, magari mawili.
Nizwa tumeipita bila kushuka, hata kwa halua,
na mbele ya Adam lami ikatupa kisogo.
Muhenna akazima taa. Kisha injini.
"Sasa ngojeni," akasema, "macho yazaliwe."

Giza la huku halianguki. Linasimama,
unalipangusa usoni kama utando wa buibui.
Saa saba usiku, bado nyuzi thelathini na nne:
mchanga unalipa deni la mchana.

Unni, mfamasia, darubini yake kainunua kwa mtu Sharja,
bomba nene kama la maji machafu, hajali tukimcheka.
Huifunua taratibu,
kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.
Tochi kaivisha karatasi nyekundu ya biskuti.
Rayya, daktari wa meno, ndiye wa kwanza kuinama:
"Zohali. Na pete yake imelala,
nyembamba kama uzi wa kuchokolea."
Akajicheka mwenyewe.

Mimi natafuta Kilimia.
Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua,
ndivyo bibi alivyonifunza, yeye wa Wete.
Huku kikizama kwa jua
huzuka kwa jua.

Saa tisa kasorobo, pikapu. Taa kamili!
Tukapiga kelele, viganja machoni;
giza la saa nzima limemwagika kama maziwa.
Akashuka mtu, kanzu kaikunja kiunoni,
anatafuta ngamia wake jike, ana chapa shavuni.
Hatujamwona.
Unni akamkaribisha. Akatazama.
Akazunguka mbele ya bomba, akalichungulia mdomo
asije akawa amebandikiwa picha.
Akarudi, akatazama tena, kwa muda,
pumzi yake tunaisikia.
"Ana mimba," akasema. Kumbe ngamia.
Akaenda kulala garini, miguu nje ya mlango.

Kusini kuna mwali wa gesi, mbali, unapepesuka.
Kwa hiyo ilipochomoza tulibishana:
ni kisima, ni gari linapanda, ni kisima.
Muhenna akachomeka fimbo mchangani, akalala kifudifudi,
akapima kwa jicho moja.
Fimbo haikusogea. Yenyewe ikasogea.
Nyekundu kwanza, halafu kijani, halafu haijui iwe nini,
halafu nyeupe.

Nikapiga simu Ruwi. Saa hizo bibi yuko kwenye udhu.
"Bibi, nimeiona Suheli."
"Iko wapi?"
"Suheli."
"Nimesikia. Iko wapi?"

Kwetu suheli ni upande tu:
dirisha la suheli, lifungwe;
ukuta wa suheli, una kuvu;
kitanda cha mgonjwa, kisogeze suheli kidogo.
Miaka thelathini na moja nimelibeba neno hili mdomoni
sijui kama ndani yake mna taa.

"Ni nyota, bibi."
Kimya. Maji yanachuruzika.
"Basi mwambie baridi ije," akasema. "Na wewe umekula?"

Simu ya Rayya ikaadhini. Mashariki pakapauka.
Wakati wa kufungasha, kifuniko cha lenzi hakipo,
kile kidogo, cheusi, cha rial mbili na nusu.
Tukawasha taa zote za magari,
watu saba, na mwenye ngamia wa nane,
tumepiga magoti tunapapasa mchanga,
hakuna aliyetazama juu.