Ile ya Kifua

Zihalirwa anasema: usilete jani moja.
Jani moja ni kama jina la kwanza pekee,
ukiita "Bahati!" sokoni Birere
watageuka hamsini.
Leta shina. Leta ua, kama lipo.
Leta na habari za pale ulipoutoa mmea:
kwenye jiwe, au kwenye udongo wa kununua kwa gunia,
kivulini, juani,
na kama mbuzi anaupita bila kuuonja, andika hivyo.

Basi Jumapili saa nane nikafika Himbi
na mmea mzima ndani ya sahani ya bati,
mizizi yake bado imekumbatia kijiwe cha lava,
cheusi, chepesi, chenye matundu kama mkate.

Tuko watano. Hakuna aliyesomea.
Katungu anashona sare za shule.
Musafiri ni motari, huendesha
jicho moja likiwa pembeni ya barabara;
mara mbili ameanguka kwa sababu ya ua.
Buhendwa ana bustani ya lengalenga na kiburi chake.
Mimi naosha chupa za maabara, hospitalini.
Daftari ni la Zihalirwa, biki pia ni yake,
na hapendi mtu mwingine aishike.

Mwezi uliopita tuligombana nusu saa nzima.
Huyu kashisha, huyu inyabarasanya,
huyu anaapa kishonanguo.
Kumbe ni gugu lile lile,
na mbegu zake zilikuwa zimetung'ang'ania
sote, kwenye suruali na vitenge.

Leo wakaizunguka sahani yangu.
Katungu akaponda jani, akanusa, akapitisha.
"Minti."
"Si minti. Jani nene hivi, lenye manyoya?"
"Shina lina pembe nne."
"Kila minti ina pembe nne, lakini si kila pembe nne ni minti."
Musafiri akafumba macho, kidole puani:
"Kwetu Rutshuru huu ni umuravumba."
"Na kwenu Butembo?"
"Kwetu," akasema Katungu, "hatuuiti. Tunaunywa tu."

Nilikuwa sijawaambia.
Mama aliuita ile ya kifua.
"Nenda nyuma ya nyumba, ukate ile ya kifua,"
na usiku kucha nyumba ilinuka sufuria yake.
Moto wa mlima ulipopita Majengo nilikuwa na miaka tisa.
Tulibeba godoro, redio, mtoto wa jirani.
Tawi, nani hubeba tawi?
Mama akafa Minova, miaka mingine baadaye,
na mimi sikuwahi kumuuliza
jina lake lingine ni lipi.

Wiki hii, Ndosho, kwenye ukuta wa mawe
usio na udongo wa kujaza kijiko,
pua yangu ilisimama kabla ya miguu.

Nikawaambia hayo. Hakuna aliyesema pole.
Buhendwa aligeuza jani, akatazama mgongo wake,
akauliza kama la mama lilikuwa linanata vidoleni.
Nikafikiri. Ndiyo. Lilikuwa linanata.
Hilo swali lilinifaa kuliko pole.

"Bado," akasema Zihalirwa. "Tungoje ua.
Kiangazi likitoka, tutajua."
Akaandika *umuravumba*, akaweka alama ya kuuliza,
kubwa, kama ndoano.
Kisha akanisogezea daftari.
Na biki.
Chini yake nikaandika, kwa mwandiko mbaya,
jina ambalo halihitaji kungoja.

Pikipiki ya Musafiri ikakataa kuwaka.
Tukaisukuma sote, sahani yangu juu ya kiti,
hadi langoni,
ambapo yeye mwenye pikipiki akaachia usukani,
akachuchumaa kando ya mfereji.
"Ngojeni kwanza," akasema.
"Hii nayo ni nini?"