Komeo

Naitwa Kiza. Si giza, enyi watu wa gatini:
mimi ndiye niliyefuata mapacha,
nikaja nyuma ya Bukuru na Butoyi
kama tela nyuma ya trekta.

Melini jina langu ni "we dada".
Spana zinaitwa kwa namba zake,
kumi na tisa, ishirini na nne,
mimi, "we dada, lete".
Ovaroli ni ya mwanamume aliyestaafu;
mikono nimeikunja mara tatu.
Msaidizi wa nahodha alisema
mwanamke akishika zamu injini huona wivu.
Injini! Nimekesha na pampu yake ya mafuta
tukipeleka saruji Bujumbura.
Sikuona wivu. Niliona gasketi imekwisha.

Ila sikuchoshwa na maneno.
Nilichoshwa na choo.
Mlango mmoja, watu kumi na mmoja, komeo hakuna.
Miaka miwili nimekunywa maji kwa kifuniko cha chupa
juu ya ziwa ambalo kina chake hakimithiliki,
midomo imekauka kama dagaa wa Kibirizi.
Siku zangu zikifika
nilivaa nguo tatu, nikaingoja Kalemie.
"Subiri bajeti," ofisi ikasema.
Bajeti ikaja: rangi mpya ya bomba la moshi.

Mama anayenilelea mtoto kule Mwanga
akipiga simu haulizi mshahara.
"Umekunywa maji?"

Jumanne, kabla ya kung'oa nanga,
nikapita sokoni na shilingi elfu mbili na mia tano.
Komeo la chuma. Skrubu nne.
Tulipoiacha taa ya bandari
nilikuwa nimeshapiga magoti mlangoni na drili,
ruhusa sikuomba.

Wa kwanza kulisukuma hakuwa mimi.
Ni yule wa wivu wa injini.
Tak.
Akakaa humo dakika ishirini,
akatoka kimya, uso umelegea
kama mtu aliyelala kwao.

Kwenye kitabu cha matengenezo nikaandika:
Komeo, moja. Choo. Limefungwa na
hapo kalamu ikasita,
maana kurasa zote za nyuma, kazi za mikono yangu,
zimeandikwa "fundi" tu.

Kiza Ntiliyo.

Kisha nikaenda jikoni
nikaomba maji.
Vikombe viwili.