Safu ya Juu

Bibi Guat Neo ametoka Katong kwa basi la asubuhi,
ameweka kidevu juu ya kikombe cha plastiki,
paji la uso kwenye ukanda.
"Usipepese," namwambia kwa Kimalei,
na yeye, aliyetunga shanga miaka hamsini,
ushanga mdogo kuliko mbegu ya mchicha,
hapepesi.

Mstari mwekundu umepita. Basi.
Kwenye kioo changu neva yake imekatwa
kama keki ya matabaka ya Mwaka Mpya,
ila haina rangi: kijivu juu ya kijivu,
nukta zilizomwagwa na mtu mwenye haraka.

Nilipoanza kazi hapa Novena nilichora kwa mkono.
Picha moja, saa nzima.
Hapa retina inaishia,
hapa mishipa ya damu imelala,
hapa neva inashuka shimoni,
na penye kivuli
nilikisia.
Picha mia tatu. Nilikosea ngapi, sijui.
Mashine ilifundishwa kwa hizo;
mtoto wa nyoka ni nyoka.

Leo nabonyeza kitufe, na kabla sijameza mate
rangi zinaingia zenyewe:
samawati kwa ute, kijani kwa retina,
waridi kwa tabaka la damu,
manjano kwa ukuta mweupe wa jicho,
na chini kabisa zambarau, lile chujio
ambamo nyuzi za neva hupenya kwenda ubongoni,
kila uzi na tundu lake.

Upande wa chini, kuelekea sikio,
kijani kimekonda kama ganda la kitunguu.
Kivuli tu, nasema moyoni. Mshipa umeziba mwanga.
Nazima rangi. Nawasha. Navuta karibu.
Mashine haibishani. Imekwisha sema.

Bibi amejisogeza, anachungulia bila ruhusa.
"Nani kaweka waridi na manjano pamoja?
Zinagombana."
Kisha, kama anayetaja bei ya samaki:
"Siku hizi safu ya juu inanipotea.
Nadhani sijaitunga, naitunga tena,
kidole kinakuta shanga zimo."

Safu ya juu.
Na jicho, tunajua, husoma dunia kichwa chini:
kinachokonda chini
hupotea juu.

Si kazi yangu kumwambia.
Daktari Thevarajah yupo chumba cha pili,
ana sauti ya taratibu na kiti cha ziada.
Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu
ya kurekebisha mpaka.
Nimeuacha ulivyo.
Nimehifadhi.

Akisubiri, ametoa mkobani kiatu cha harusi ya mjukuu,
kimoja, kitambaa bado kimebanwa kwenye fremu.
Ua lina petali tatu.
Juu yake shanga zimepandana, safu juu ya safu,
kinundu kidogo
anachokisugua kwa dole gumba
akiniuliza kama nakiona.