Kibaba cha Wasiwasi

Sista Nsajigwa alinitia matone,
akasema, "Subiri mboni zifunguke."
Nikasubiri kwenye benchi pamoja na wenzangu,
kila mmoja na kitambaa machoni,
kama msibani, ila hakuna aliyefariki.

Kisha: kidevu hapa, paji la uso pale,
tazama nukta ya kijani, usipepese.
Mwanga ukanizaba kofi.
Mara mbili kulia, mara mbili kushoto.

Nikaliona jicho langu kwenye kioo cha mashine,
rangi ya chungwa lililoiva, na mishipa,
kama yai lililoinuliwa mbele ya taa
kutazamwa kama ni bovu.
"Hicho kidoa ni nini?"
"Mama, mimi napiga tu. Anayesoma ni daktari.
Majibu Alhamisi ijayo."

Nikatoka nje. Dar nzima ilikuwa nyeupe.
Jua la saa saba limemwagwa kama chokaa
juu ya Barabara ya Morogoro,
sikuona namba ya bajaji wala sura ya dereva.
Nilimpa noti, nikamwambia, "Nihesabie wewe, mwanangu,"
na chenji niliipokea kwa imani.

Sukari ninayo, huu mwaka wa kumi na moja.
Miguu naikagua, vidonge nameza,
uji wa dona usiotiwa kitu nimeuzoea hata nauita mtamu.
Macho sikuwahi kuyashuku.
Macho ndiyo kazi yangu: sokoni Tandale, kizimba cha nyuma,
nauza mchele, na mteja wangu hajawahi kuvunja jino.

Usiku ule nikaanza upelelezi.
Nafumba la kushoto: kalenda ukutani, tarehe zote zipo.
Nafumba la kulia: kumi na tisa, je, imepinda?
Nafumbua. Nafumba. Narudia.
Saa nane usiku nahesabu misumari ya bati,
na Kibwana, mwanangu, akauliza toka chumba cha pili
nazungumza na nani.

Nilikuwa nazungumza na mzee Pazi,
jirani yetu, zamani fundi saa,
ambaye siku hizi huniuliza, "Nani mwenzangu?"
hali nimemshika mkono.
Sikumwambia Kibwana hivyo. Nilisema nasoma dua.

Asubuhi nikachukua kibaba cha bati, kile kilichobonyea,
nikakiweka mezani kando ya vidonge.
Nikasema: wewe wasiwasi, humu ndimo utakamopimiwa.
Kimoja baada ya chai, kimoja kabla ya kulala,
cha mfuto; lumbesa hairuhusiwi.
Ukizidi, nakumwagia kuku wa jirani.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Wa kwangu haukujua haba, ulikuja kwa gunia.
Jumamosi ulitulia. Jumapili ulivuja
katikati ya harusi ya watu, nikiwa nimeshika sahani ya pilau.
Jumatatu nikajaribu kuchambua nimefumba macho:
vidole vikatembea, vikaokota jiwe, pumba, jiwe,
nikajivuna.
Jioni Kibwana akauma changarawe. Akacheka.
Nikacheka naye. Halafu nikaenda jikoni
nikasimama kidogo, sikuchota chochote.

Alhamisi, saa nne na nusu, simu.
Sauti ya Sista Nsajigwa, na nyuma yake mtoto analia.
"Mama Kibwana, jicho la kulia daktari ameridhika nalo.
La kushoto picha haikutoka vizuri. Ulipepesa.
Rudi Jumanne tulipige tena."

Nilipepesa!
Mteja aliyesimama mbele yangu
akadhani namcheka yeye.
Nikampimia kilo zake mbili za Kyela, nikaongeza konzi,
kisha nikahesabu kwa vidole, chini ya meza:
Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.
Siku nne. Vibaba vinane.
Vya mfuto.