Mabua Udongoni

Barabara ya lami imeutoboa ukuta
bila kupiga hodi.
Tunapita vioo juu, kiyoyozi kikinguruma,
na binamu yangu Muhanna, usukani mkono mmoja,
anatangaza kama mtu wa redio:
"Huu ndio ukuta wa Bahla. Maili saba na ushei.
Wanasema majini waliujenga usiku mmoja."
Kiti cha nyuma, Shangazi Rayya anafungua karatasi ya kashata.
"Majini hawana alama za vidole," anasema.
"Tazameni vizuri."

Ngomeni tunakata tiketi.
Shangazi hataki kushuka.
Anasingizia magoti, na magoti hayo hayo
jana yalizunguka soko zima la Nizwa kutafuta halua.
Basi tunaingia wawili.
Vyumba juu ya vyumba,
ngazi zinazojikunja gizani kama utumbo,
na juu ya mlango, tundu.
Hapa, anasema mlinzi, adui alimwagiwa
asali ya tende iliyochemka.
Nawaza: huku hata kuunguzwa
kunaanza na utamu.

Juu ya mnara upepo unanipokonya mtandio.
Mitende. Mapaa bapa. Madishi ya televisheni.
Na ukuta, kule, unakwenda,
unazama mashambani, unaibuka, umemeguka, unakwenda tena,
kama kisa kinachosimuliwa na watu watatu
wasioelewana.
Chini kabisa, gari letu jeupe,
mlango wa nyuma u wazi.

Hayumo.

Alizaliwa Tabora, nyuma ya soko,
mwaka mvua ilipolaza nusu ya mtaa.
Aliletwa hapa ana miaka kumi na minne,
na sanduku la bati, na Kiarabu cha kusalia tu.
Wasichana waliokuwa wakifua kwenye falaji
walimwita Zinjibari.
Unguja hakuwahi kuiona, hata kwa mbali.
Hakuwasahihisha. Angewasahihisha kwa maneno gani?
Aliwahi kuniambia, akichambua mchele:
"Maili saba za ukuta, mwanangu,
nami nilikuwa ndani yake,
nje."

Tulimkuta upande wa wadi, penye pengo.
Bangili zake zimefungwa kwenye leso,
leso iko juu ya jiwe,
na fundi mmoja wa Kibangali, Shafiqul,
amesimama na tonge la udongo kiganjani
anasomewa mashtaka.
"Mabua machache!" Kwa Kiswahili,
maana hasira yake haina lugha nyingine.
"Jua hili? Litapasuka kama kisigino!"

Shafiqul hajui Kiswahili.
Udongo anaujua.
Alilivunja lile tonge, akalinusa,
akacheka peke yake,
akaenda kuburuta gunia la mabua.

"Mama," Muhanna alinong'ona, "watu wa turathi wataona."
"Waone."

Alikanda kwa kisigino cha mkono,
akakandika kama mama yake alivyokandika
kila masika yakiisha, Tabora,
anapiga, anasukuma, anapiga,
pumzi ikimtoka na jina la mtu nisiyemjua.
Alipoondoa mikono, viganja viwili vilibaki ukutani,
kimoja kidole chake cha mwisho kimepinda:
ni mlango wa gari moshi, zamani.

Shafiqul aliinua mwiko avilainishe.
Ndiyo kazi aliyoajiriwa, ukuta uwe laini.
Mwiko ukakaa hewani.
Kisha akahama hatua tatu,
akaendelea kule.

Tulitoka kwa pengo lile lile la lami.
Muhanna hakutangaza kitu.
Shangazi hakugeuka nyuma.
Alikaa mikono juu, kama daktari anayesubiri glavu,
vumbi la udongo likidondoka kwenye kiti kipya,
akafungua kinywa
nimlishe kashata.