Ya Nne

Usiku ule Kadutu haikuwa na umeme.
Yeye alikuwa na tochi, na panga.
Panga naweza kukuchorea hata leo:
mpini uliozungushwa mpira wa baiskeli,
pengo dogo karibu na ncha,
kutu iliyotambaa kama ramani ya ziwa.
Uso? Uso ulikuwa nyuma ya mwanga.

Afisa alinipa chai na picha sita.
"Usiharakishe, mama."
Ya nne ilinijua kabla sijaijua.
Kitu kifuani kikasema: huyu umewahi kumwona.
Mimi nikasikia: ndiye.

Baada ya wiki mbili wakampanga ukutani na wenzake.
Nikamnyooshea kidole papo hapo, tena kwa fahari,
nisijue kwamba niliyekuwa namtambua ni picha.
Kisha nikasimulia. Kwa dada, kwa wanakwaya, kwa hakimu;
na kila niliposimulia tochi ilififia,
uso ukakaribia,
hata nikauongezea kovu chini ya jicho
na kovu nikaliapia.

Murhula Cikuru.
Miezi kumi na mmoja sasa.

Jana mvua ilikata barabara, nikapanda kwa ngazi za Funu,
zile za udongo, nilizoziacha tangu usiku ule.
Msichana ameketi na beseni la mayai ya kuchemsha.
"Mama Nsimire! Umepotea.
Kaka alikuwa akikuwekea mawili kila asubuhi,
chumvi nyingi, pilipili ya kuonja tu.
Walimchukua. Hatujui ni nani aliyemtaja."

Nilinunua mayai manne. Sikuyala.

Leo nimerudi kwa afisa.
Akauliza: "Ulidanganya siku ile, au unadanganya sasa?"
Kwenye karatasi yake hakuna nafasi ya jibu la tatu,
nami nilikuwa nalo hilo tu.
Akaniambia nije Jumatatu. Chai hakunipa.

Sasa usiku nafumba macho nimtafute pale kwenye ngazi,
asubuhi ya ukungu, vidole vyake vikimenya yai
taratibu, ganda likitoka zima
kama kofia ya mtoto.
Anakuja. Huja kila nikimwita.
Ana kovu lile nililompa,
na mkononi, badala ya yai,
panga lenye pengo karibu na ncha.